Gari la Kale Halipimwi kwa Kilo

Miaka 6 iliyopita nilifika katika boma moja nje kidogo ya mji wa Kitale kutoa rambirambi zangu, nikamkuta mtu na mizani. Alikuwa amekuja na vijana wawili wenye nyundo na msumeno wa chuma. Lori lao dogo lilisimama langoni likiwa limekwisha kupakiwa plau ya trekta, mabati yaliyooza na fremu za vitanda. Mwenye boma, mkulima wa mahindi niliyemheshimu tangu nilipokuwa mwalimu kijana, alikuwa amezikwa miezi michache kabla ya siku hiyo nami sikuwahi mazishi yake. Mjane wake alikuwa akisafisha banda. Ndani ya banda hilo, chini ya magunia matupu, palikuwa na gari dogo la milango miwili ambalo marehemu alilinunua likiwa jipya mwaka 1982, baada ya mavuno mema. Kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma.

Nilimuuliza mwenye mizani angelipa kiasi gani. Akanijibu bila kunitazama, "Shilingi 30 kwa kilo, mzee. Viti na vioo sipimi."

Sikuwa nimekwenda pale kununua gari. Lakini nilipoliona likingoja nyundo, nilijisikia nikisema kwamba ningelipa mara mbili ya hesabu ya mizani ile. Mwenye lori akacheka, akafunga kamba zake akaondoka. Mama yule alinitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgeni aliyepotea njia. "Mwalimu," akaniambia, "hilo halibebi hata gunia moja."

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali moja mara zisizo na idadi: mtu mzima mwenye akili timamu, tena aliyestaafu, anatafuta nini katika gari kuukuu la mbio? Leo naomba nafasi hii nilijibu swali hilo, kwa sababu naamini kwamba jibu lake linagusa mambo makubwa kuliko gari langu.

Gari lenyewe ni Toyota Celica. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu cha mbinguni, na gari la kizazi hiki cha tatu, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1981, lilikuwa na namna yake ya kulistahili jina hilo. Taa zake kubwa za mbele, zisipowashwa, hulala chali zikitazama juu mithili ya mtoto aliyejilaza uwanjani akihesabu nyota. Zikiwashwa, huinuka na kuangaza njia. Injini yake ina silinda 4 na ujazo wa lita 2. Gia zake ni 5 na hubadilishwa kwa mkono, na nguvu zote huenda kwenye magurudumu ya nyuma. Halina kompyuta, halina kamera wala sauti ya kumkumbusha dereva afunge mkanda. Pua yake ni ndefu, mgongo wake umelala, na mtu mrefu akiketi nyuma sharti ayaweke magoti yake karibu na kidevu.

Katika nchi yetu ya Bungoma na Trans Nzoia, gari hupimwa kwa mambo matatu: litabeba nini, litaonekana na nani, na litauzwa kwa bei gani. Kwa kipimo cha kwanza, Probox ni mfalme, kwa maana hubeba kreti za maziwa asubuhi, walimu adhuhuri na magunia ya viazi jioni. Kwa kipimo cha pili, hakuna kinachoishinda Prado ya mheshimiwa. Wazee nao hawajaisahau Peugeot 504, ile tuliyoiita Pijo, iliyobeba abiria kwa miaka mingi kutoka huku hadi Nairobi. Huitaja kama mtu amtajavyo ng'ombe aliyewasomesha watoto wake. Vijana wana Subaru yao, na hapo usiseme neno baya kama huna pa kukimbilia. Katika orodha hiyo yote, Celica haimo. Haibebi, haiogopwi, na ukitaka kuiuza, wa kwanza kufika ni mwenye mizani.

Ajabu ni kwamba gari hili lina historia katika ardhi ya Kenya ambayo magari mengi yanayopigiwa saluti leo hayana. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka iliyofuata uhuru hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na redio ya Sauti ya Kenya wakati wa Pasaka, na tulikuwa na magari ya waya tuliyoyaunda wenyewe. Kila mvulana alikuwa na dereva wake. Wengine walikuwa Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya, mshindi wa mwaka 1965 kwa Volvo na wa miaka ya 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mimi nilikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshinda mara 5: mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa Datsun nyingine ndogo isiyo na madaha.

Mwaka 1984 zamu ikawa ya Celica. Björn Waldegård wa Uswidi alishinda mwaka huo, Juha Kankkunen wa Ufini akafuata mwaka 1985, na Waldegård akarudi kushinda tena mwaka 1986. Magari yao yalikuwa na umbo la hili lililolaliwa na kuku pale Kitale, ingawa injini zao zilitiwa turbo na nguvu ambazo langu halijapata kuziota. Baadaye Celica za umbo jipya zikashinda mwaka 1990, na tena kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995. Na ushindi wa mwaka 1994 ulikuwa wa Mkenya mwenzetu, Ian Duncan. Hesabu yote ni mashindano 8 kati ya 12, kuanzia 1984 hadi 1995. Mashindano hayo hayakufanyika katika viwanja laini vya Ulaya. Yalikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, tope, mawe na ng'ombe wasiojua kwamba barabara imefungwa.

Kwa nini basi tumelisahau? Nadhani sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba, mbali na Duncan, ushindi huo ulipatikana mikononi mwa wageni, wakati macho yetu yalikuwa yakimfuata Patrick Njiru katika Subaru. Tulilipenda gari la mwana wetu, na hilo si kosa. Ya pili ni kwamba Subaru za mitumba zilipofurika nchini, kijana aliweza kununua kile alichokiona kikiruka mabonde. Celica ya milango miwili ilikuja kwa uchache, ikanunuliwa na wakulima wachache na madaktari wachache, na wenyewe walipozeeka, nayo ikaingia bandani. Toyota ilikoma kuitengeneza mwaka 2006. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima, na akiliona gari langu huniuliza kama nililitengeneza mwenyewe.

Lakini kusahauliwa kuna baraka yake. Datsun 240Z, ile ndoto ya magari yetu ya waya, sasa hununuliwa na matajiri wa Ulaya, Marekani na Japani kwa bei ambayo ingejenga nyumba ya mawe. Kitu kilichokwisha kusifiwa na wengi humfikia maskini kikiwa picha tu. Gari lisilosifiwa ndilo lililomngoja mwalimu mstaafu wa Bungoma, naye akalipata kwa fedha za ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa.

Sasa niseme juu ya raha yenyewe. Mimi nakaa Bungoma na fundi wangu yuko Kitale, kwa hiyo walau mara moja kwa mwezi napata kisingizio cha kusafiri. Utamu uko katika kurudi. Hutoka Kitale alfajiri umande ukiwa bado kwenye mahindi, na Mlima Elgon ukiwa mkono wa kulia umevaa kilemba cha mawingu. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Safari nzima basi ni kuteremka polepole, kupanda kidogo, kukata kona, na kuteremka tena. Hupita Kiminini wakati wauza ndizi wanapopanga mikungu yao. Huvuka mto Kamukuywa, nikapita Misikhu na Lugulu, kisha nikaliona bomba la moshi la kiwanda cha karatasi cha Webuye. Hapo hukata kulia na kuingia barabara kuu iendayo Malaba, na siku ambazo kiwanda cha Nzoia kinasaga miwa, harufu ya molasi hunilaki Bukembe.

Njia hiyo nimeipita mamia ya mara kwa matatu, na kwa miaka mingi sikujua kwamba ina kona. Gari hili ndilo lililonifundisha. Mtu huketi chini, karibu na lami, hata huona tairi za bodaboda zikimpita usawa wa bega. Kila changarawe hufika viganjani kupitia usukani. Gia ya tatu ina mlio wake na ya nne ina mlio wake, na sikio likizoea, jicho halihitaji kuangalia saa ya mwendo. Ukiikaribia kona, sharti upunguze mapema, uteremshe gia, uingie taratibu na utoke kwa nguvu. Ukikosea, gari hukuambia papo hapo kama mwanafunzi mwerevu amwambiavyo mwalimu kwamba hesabu ya ubaoni si sahihi. Ukipatia, hakuna anayepiga makofi, ila mwili wako mwenyewe hujua.

Hapa ndipo wengi wanapolielewa vibaya gari la mbio. Hudhani kwamba raha yake ni kasi. Vijana wa steji huniuliza, "Mzee, inakimbia ngapi?" Nami huwajibu kwamba gari la kisasa, pamoja na ukimya wake na ulaini wake, humfikisha dereva kilomita 130 kwa saa bila yeye kujua, na hapo ndipo lilipo balaa. Gari langu likifika 80 hunijulisha kwa masikio, kwa miguu na kwa uti wa mgongo. Linanipa furaha yote ya mwendo ndani ya mipaka ya sheria. Mtu anayepata furaha hiyo katika kilomita 80 hana haja ya kuitafuta katika 150.

Wala sisemi haya kama mtakatifu. Nakiri hapa kosa nililolifanya mwaka wa tatu wa kulimiliki gari hili. Nikiwa nakaribia Kamukuywa, kijana mmoja mwenye gari jipya alinipita akapiga honi ya dharau, nami nikasahau mvi zangu. Nilimfuata. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, ile ya kwanza inayochanganyika na vumbi na mafuta barabarani na kuifanya lami kuwa sabuni. Katika mteremko wa kuelekea darajani nilimwona mbele yangu akiyumba kukwepa kitu, na kitu hicho kilikuwa trela la miwa lisilo na taa. Nilikanyaga breki. Mkia wa gari ukateleza kushoto, kisha kulia. Niliurudisha usukani kama nilivyojifunza katika mwendo mdogo, gari likanisamehe, likasimama hatua chache nyuma ya trela. Pembeni mwa barabara alikuwapo mama aliyebeba mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mzee mzima!" Akaenda zake.

Maneno hayo mawili yamenikaa kuliko faini yoyote ambayo askari wa trafiki angenitoza. Gari halikuwa na breki za kompyuta za kuniokoa wala mfuko wa hewa wa kunipokea. Kama ningemgonga mama yule, mashabiki wote wa Safari wasingeweza kunitetea. Tangu siku hiyo sijashindana na mtu, na kijana yeyote ninayempa nafasi ya kuketi kando yangu huanza kwa kusimuliwa kisa hicho. Barabara ya kutoka Kitale hadi Webuye imezika watoto wetu wengi mno, nami sitaki kuandika sifa za gari la mbio kana kwamba sijui hayo.

Nirudi kwa fundi. Huyu ni mzee kuliko mimi, na mimi humwita Mzee ingawa mji mzima humwita Fundi. Alijifunza kazi katika miaka ya 70 kwenye gereji ya Mhindi mmoja mjini Kitale, akianza kwa kuosha spana. Nilipomfikishia gari likiburutwa na trekta, alilizunguka mara tatu bila kusema. Kisha akafungua boneti, akapangusa vumbi kwa kiganja akasema, "Halijafa. Limenyamaza tu."

Ilimchukua miezi 9. Injini ilikuwa imeshikana, panya walikuwa wamekula nyaya, na kitawi cha mti kilikuwa kimepenya sakafuni. Spea nyingi hazikupatikana Kitale wala Eldoret. Gasketi aliikata kwa mkono. Bushi za mbele alizikereza kwa shaba. Mota inayoinua taa ilikuwa na gia ya plastiki iliyokwisha meno. Aliichonga nyingine ya shaba kwa tupa, jino baada ya jino, kwa siku 2. Kabureta ndiyo iliyonionyesha kwamba sikuwa mbele ya mtu wa kawaida. Hewa ya Kitale ni nyepesi kuliko ya Bungoma, hivyo kabureta iliyopangwa vizuri Bungoma itamwaga mafuta mengi kuliko hewa ikipandishwa Kitale, na iliyopangwa Kitale itakosa mafuta ikiteremshwa Bungoma. Fundi hakutumia kipimo chochote. Alifumba macho, akazungusha skrubu kidogo, akasikiliza, akazungusha tena. "Nimeliweka Misikhu," akaniambia. Alikuwa na maana ya katikati ya safari.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika na gari langu wakati magari ya kisasa yanamngoja. Akanijibu, "Mwalimu, hili linasema na mtu. Hayo mapya yanasema na kompyuta."

Simdharau mwenye kompyuta. Fundi kijana anayejua kusoma hitilafu kwenye kioo ana ujuzi wake, na zama ni zake. Lakini fundi wangu macho yanafifia. Wanawe wawili ni waendeshaji bodaboda. Karakana yake ya mabati imehamishwa mara mbili kupisha majengo, na kila mara alipoteza nusu ya vyuma vyake. Anayemshikia taa sasa ni mjukuu wake, binti aliyemaliza kidato cha nne na ambaye karo ya chuo haijapatikana. Mwaka jana binti huyo aliifungua kabureta yangu peke yake, akaisafisha, akaifunga, na babu yake akafumba macho akasikiliza, asiguse skrubu hata moja. Nilipouliza ana cheti gani, wote wawili walinyamaza.

Hapa ndipo ninapofikia kiini cha maneno yangu, ndugu msomaji. Tunapolikatakata gari la kale kwa shilingi 30 kwa kilo, tunakata pia sababu ya ujuzi kama huo kuwapo. Watu wa Webuye wanalifahamu jambo hili kwa uchungu. Kiwanda chao cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009, mitambo ilibaki imesimama kwa miaka, lakini mikono iliyoijua ilitawanyika mashambani na mijini. Mwekezaji mpya alipokuja baadaye alizikuta kuta na mitambo. Mikono ile haikuwa ikimngoja langoni. Chuma kinaweza kununuliwa tena. Sikio la kujua kwamba injini hii inakosa hewa halinunuliwi.

Najua kuna hoja za upande wa pili, nazo zina uzito. Watasema gari hili ni anasa. Ni kweli kwamba malipo yangu ya uzeeni ya miezi 2 yaliishia kwenye pistoni, na mke wangu hadi leo huliita gari hilo mke mwenza. Lakini jirani yangu anadaiwa na benki kwa gari la milioni kadhaa ambalo thamani yake hushuka kila anapoliosha, na hakuna anayemwita mbadhirifu. Watasema moshi wake ni mchafu. Ni kweli pia, kilomita kwa kilomita, injini ya kabureta huchafua hewa kuliko ya kisasa. Ila mimi naliendesha kilomita zisizofika 200 kwa mwezi, na halikuhitaji kuchimbiwa madini mapya wala kuyeyushiwa chuma kipya. Watasema si salama. Kwa hilo nimekwisha kukiri, na ndiyo maana silipakii watoto wala siliendeshi usiku wa mvua.

Tena siombi kila gari kuukuu lihurumiwe. Lori lisilo na breki linaloteremka likiwa na miwa tani kadhaa si urithi, ni jeneza. Kumekuwa na mapendekezo kwamba magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 yawe yakikaguliwa. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, mradi mkaguzi alikague gari na si mfuko wangu. Ninachokataa ni kuhukumiwa kwa umri peke yake. Kampuni moja ya bima iliponiambia kwamba haiwezi kulipa kinga kamili gari la mwaka 1982, niliwaomba waje walitazame kwanza. Hawakuja. Karatasi ilitosha.

Ikumbukwe kwamba sheria zetu haziruhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 8. Sheria hiyo ina maana yake, kwani hatutaki kuwa jaa la dunia. Lakini matokeo yake ni kwamba magari ya kale tuliyonayo ndiyo hayo hayo, na kila moja linalokatwa halina wa kuchukua nafasi yake. Serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu mwezi Januari mwaka 2022, ilikuwa ikizilinda nyaya na nguzo za umeme, na ilifanya vyema. Hakuna aliyewaza kwamba mizani ile ile ilikuwa ikila pia trekta za kwanza za Trans Nzoia, Pijo zilizotusomesha na magari yaliyotufanya tukimbie barabarani na waya mikononi.

Nairobi wamejua hilo siku nyingi. Tangu mwaka 1970, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo kimekuwa kikiandaa maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri, na watu hulipa kiingilio kuyatazama. Safari nayo ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, na sasa makundi ya vijana hujazana Naivasha. Sisi wa magharibi tunangoja nini? Maonyesho ya kilimo ya Kitale yana ng'ombe, mahindi na asali. Yatengewe siku moja ya magari na trekta za kale, na mafundi walioyahuisha wapewe nafasi ya kusema. Jumba la makumbusho la Kitale lipo, na uwanja wake ni mpana. Vyuo vya ufundi vya Kitale na Bungoma vina walimu na vyeti. Mafundi kama wangu wana ujuzi na hawana karatasi. Serikali imekwisha kukubali kwamba ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kupimwa na kutambuliwa. Basi wapimaji wateremke hadi kwenye mabati, wamkute mzee angali na masikio, na binti yule apate cheti kilicho haki yake.

Pasaka iliyopita nililipeleka gari katika boma lile lile nje ya Kitale. Mjane alitoka jikoni akipangusa mikono, akalizunguka bila kusema, kama alivyofanya fundi. Nilimfungulia mlango wa abiria. Akaniomba nimfikishe Kiminini tu na kumrudisha. Njia nzima hakusema neno, ila tulipofika mahali fulani penye miti ya mikaratusi aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo mpaka tukageuza. Tuliporudi alishuka polepole akaniambia, "Alikuwa akipunguza mwendo pale pale ulipopunguza." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Huenda nawe, msomaji, unalo gari kama hilo bandani, au liko kwa mjomba wako huko Chwele, Kimilili au Endebess, limefunikwa magunia na watu wamekwisha kulichoka. Pengine halikupata sifa hata lilipokuwa jipya. Nakuomba jambo moja dogo. Mwenye mizani akifika langoni, mwambie arudi kesho, na leo hii uende ukamwite fundi mzee aje alisikilize kwanza.